Naombeni ushauri: nafanya mazoezi ya baiskeli ndani kwa video kila siku ila miguu ndo inazidi kufa

BintiNgamiani

Habari za saa hizi wapendwa. Naombeni ushauri, na mnicheke taratibu.

Mi nipo Sweden, Norrköping, huu mwaka wa nne, kazi yangu kuhudumia wazee. Sasa pale kazini tumejikuta wanawake watano na kaka mmoja tumejiandikisha Halvvättern, ile safari ya baiskeli ya kilomita 150 pale Motala mwezi wa sita, mdogo wake na ile kubwa, Vätternrundan, ya kuzunguka ziwa zima la Vättern kilomita 315. Nilikubali kwa kiburi tu maana nimekulia Tanga, Tanga nani haendeshi baiskeli, bibi na dira lake anapita barabara ya kumi na nane kapu la samaki nyuma wala hahemi, nikajua hii yangu. Kiburi kimeniisha jamani. Huku Desemba saa tisa mchana jua limeshazama na njia yote barafu.

Basi nikanunua mtumba ile mashine unafunga gurudumu la nyuma ukawa unaendesha palepale ulipo, wenyewe wanaita trena, ya kawaida kabisa haina bluetooth wala nini, nafungua YouTube kwenye tivii nafuata zile video za dakika 40 au 45, mtu anapiga kelele ongeza ongeza na mimi naongeza. Tangu mwezi wa kumi na moja nafanya siku sita kwa wiki. Wiki mbili za kwanza nilijiona bingwa, sa hivi hata ile video ya mwanzo kabisa siimalizi, usingizi mbovu, mapigo ya asubuhi yalikuwa 54 sasa 63. Na makelele, jirani wa chini ameshagonga mara mbili, hiyo mashine inanguruma kama ya kusaga unga. Je hizi video zinafanya kazi kweli au napoteza muda? Ninunue trena ya bei mbaya?

MseeWaMinneapolis

Pole dada. Kabla hatujaenda mbali, uko na tairi gani hapo nyuma? Trena ya kawaida inanguruma ndio lakini si mpaka jirani agonge.

BintiNgamiani

Ile ile naendea kazini. Ya winta.

MseeWaMinneapolis

Ya winta yenye misumari ya kushika barafu??

BintiNgamiani

Ee. Si ndo iliyokuwepo kwenye baiskeli 🙈

Dogo_wa_Ngarenaro

Nimecheka mpaka mama kauliza kuna nini. Dada umefunga tairi la misumari kwenye roli la chuma, lile la trena linalozungushwa na tairi?? Huyo jirani ni mstaarabu sana, huku kwetu angeshaita mjumbe.

MseeWaMinneapolis

Wacheni kumcheka, mimi mwaka wangu wa kwanza hapa niliweka ya mauntini baiki yenye meno, nyumba yote ikatetemeka. Dada toa hiyo leo leo, kagua na lile roli kama limechimbika, kama limechimbika litakula kila tairi utakayoweka. Weka tairi laini isiyo na meno, au kuna zile zimetengenezwa kwa trena peke yake, raba yake inavumilia joto, maana ya kawaida inachemka inaisha haraka na inaacha vumbi jeusi kwa zulia. Nunua na gurudumu kuukuu la pili ulifunge hiyo tairi, uwe unabadilisha gurudumu zima badala ya kuhangaika na tairi kila siku. Ila angalia likae sawa na gia zako.

Sakafuni_Edmonton

Dada BintiNgamiani hongera kwanza, halafu acha. Nasema acha, siku nne tano usiguse hiyo baiskeli kabisa, lala. Mapigo ya asubuhi kupanda kutoka 54 mpaka 63 pamoja na usingizi mbovu na nguvu kushuka, mwili unakwambia umechoka, wala huhitaji mashine ya bei mbaya ikwambie. Ukipumzika wiki na hayashuki nenda ukapimwe damu maana huku kwenye giza upungufu wa madini ya chuma na vitamini D ni kitu cha kawaida kwetu, hasa kina mama.

Sasa kuhusu video. Zinafanya kazi, tatizo ni vile unazitumia. Hebu fikiria, yule anayetengeneza video anataka uimalize umelowa ujione umefanya kitu, ndo maana karibu zote zinazovuma ni za kukimbizana, hakuna mtu anafungua video ya saa moja na nusu ya kuzungusha pedali polepole. Kwa hiyo ukifuata video kila siku umejikuta kila siku ni siku ya mtihani. Ile video haikujui, haijui jana umebeba mzee bafuni, haijui umetoka zamu ya usiku. Mwendesha baiskeli anayejiandaa na safari ndefu sehemu kubwa ya muda wake anaenda taratibu, zile kali ni mara mbili kwa wiki, basi. Wewe chagua video mbili tu. Mbili. Moja ya vipande vifupi vya kukaza kisha kulegeza, nyingine ya vipande virefu vya dakika 8 au 10, na uzirudie hizo hizo wiki sita. Inachosha akili najua, ila ukirudia video ileile ndo utajua kama umepiga hatua, ukibadilisha kila siku utajuaje?

Na zile namba za 1 mpaka 10 zinazotokea kwenye kona ya skrini, wengi wanakosea hapo. Hizo ni ugumu unavyousikia WEWE leo, siyo gia ya yule jamaa kwenye video. Akisema 7 na leo 7 yako ni gia nyepesi, basi ndo hiyo hiyo. Ile namba nyingine, 90 au 100, ni mizunguko ya miguu kwa dakika, ukianza kurukaruka kwenye siti imekuzidi, shuka 85 hakuna atakayekukamata.

BintiNgamiani

Kaka asante, umenisema vizuri. Kwahiyo hizo siku nyingine nafanya nini, si nitakaa bure? Na taratibu ndo taratibu gani, maana mi nikienda taratibu naona kama naibia.

Sakafuni_Edmonton

Taratibu ni uweze kuongea na simu na mtu wa upande wa pili asijue uko kwenye baiskeli. Ukitaka namba nunua mkanda wa kifuani wa mapigo ya moyo, ule wa mkononi ukitoka jasho unadanganya. Siku umepumzika vizuri pasha dakika 15, halafu endesha dakika 30 kwa nguvu zote ila uzigawe usife dakika ya kumi, chukua wastani wa mapigo ya zile dakika 20 za mwisho. Tuseme umepata 168. Siku za taratibu usizidi asilimia 85 ya hapo, yani kama 143. Utajisikia kama unachezea, iache hivyohivyo.

Halafu trena yako haina kipimo cha nguvu, kwahiyo hakikisha kila siku iko sawa: upepo wa tairi ule ule, na ile parafujo ya kukaza roli hesabu mizunguko kuanzia linapogusa tairi, mfano miwili, kila siku miwili. Na dakika kumi za mwanzo usizihesabu, tairi likipata moto uzito unabadilika.

Utopolo_Original

Siku za taratibu weka mechi ya zamani dada. Dakika 90 kamili na mapumziko unashuka kunywa maji, zoezi limeisha. Mi niko Oslo nafanya hivo kila jumapili.

Dogo_wa_Ngarenaro

Sio derby ya Kariakoo lakini, hiyo 143 utaivuka dakika ya tatu kabla hata hujakanyaga pedali 😂

Mnyonge_wa_Leeds

Wadau mnamzungusha dada wa watu. Mwambieni ukweli, anunue trena ya kisasa, ajiunge Zwift, ile programu ya kuendesha ndani huku unajiona kwenye skrini, mambo ya kuhesabu mizunguko ya parafujo mwaka huu jamani? Unaweka mazoezi, mashine yenyewe inakaza na kulegeza, wewe kazi yako kuzungusha tu. Na unaendesha na watu wa dunia nzima kwenye kile kisiwa chao cha kwenye skrini, hauoni muda. Mnajua Mathew Hayman, yule mwendesha baiskeli wa kulipwa wa Australia, alivunjika mkono Februari 2016, akafungiwa ndani anaendesha Zwift, Aprili akaenda akashinda Paris–Roubaix, yale mashindano makubwa ya Ufaransa? Wiki kama sita tu.

Sakafuni_Edmonton

Hayman alikuwa na miaka zaidi ya kumi na tano ya uprofeshno kabla ya huo mkono kuvunjika mkuu, tuwe wakweli. Sikatai ni nzuri, hata mimi ninayo. Ila hiyo ni dola 20 za Marekani kila mwezi juu ya bei ya mashine, na ukiwa mtu wa kushindana kama dada hapa ndo utakufa kabisa, kuna Mbelgiji atakupita usiku utamfukuza. Yeye tatizo lake ni kuzidisha, siyo vifaa.

Mnyonge_wa_Leeds

Hapo kwa Mbelgiji umenimaliza maana anayemfukuza usiku ni mimi huyo.

MamaTwins_Turku

Shoga BintiNgamiani njoo tuongee ya kikekike wanaume wapite kushoto. Hujasema ila najua, umeshaumia huko kwenye siti si ndiyo? Ukiwa nje baiskeli inayumba unanyanyuka kwenye kilima unakaa, ndani baiskeli imefungwa haitingishiki uzito wote umekaa sehemu moja saa nzima. Kila dakika kumi simama kwenye pedali sekunde 30 hata kama video haijasema. Kaptula yenye sponji, na ndani yake USIVAE kitu, hiyo mimi nilikuja kuambiwa mwaka wa pili nimeshateseka vya kutosha. Ukishuka tu vua oga, usikae na nguo mbichi unajibu WhatsApp. Na mwinuko wa siti uangalie, kisigino kikiwa juu ya pedali chini kabisa mguu uwe umenyooka, goti likianza kuuma mbele mara nyingi siti iko chini.

Jambo lingine feni. Una feni?

BintiNgamiani

Shoga umeniona wapi wewe 😭 nilikuwa naona aibu kuandika. Feni sina, huku winta hata madukani nilitafuta hakuna, nafungua dirisha.

MamaTwins_Turku

Dirisha peke yake halitoshi. Mwili ukizungusha pedali sehemu ndogo tu ya nguvu inaenda kwenye mnyororo, kama robo hivi na haifiki, iliyobaki yote ni joto. Yani ukisukuma wati 150 we mwenyewe umekuwa hita ya wati 500 chumbani, na hakuna upepo wa kukupoza maana huendi popote. Moyo unapanda kwa ajili ya joto siyo kwa ajili ya kazi, ndo maana zile video zinakushinda. Tafuta feni ya mtumba, ile kubwa ya kusimama, iweke mbele ikupige kifuani. Chupa ya maji mbili, moja weka chumvi kidogo na juisi. Taulo moja juu ya usukani maana jasho la chumvi linakula skrubu zote, ukimaliza ufute baiskeli.

MzeeWaPhoenix

Mimi nipo Shinyanga, nimesoma uzi huu wote na naomba kuuliza kwa nia njema. Yani mtu ana baiskeli, ana miguu, analipa pesa asiende popote?

Dogo_wa_Ngarenaro

Shikamoo mzee. Huko nje kwao ni hasi kumi na mbili.

MzeeWaPhoenix

Marahaba. Hasi kumi na mbili ndiyo nini, friji?

Utopolo_Original

Friji iko chanya nne mzee. Hiyo ni friza.

MzeeWaPhoenix

Basi mwacheni azungushe humo humo.

MseeWaMinneapolis

Nilisahau habari ya jirani. Hata na tairi laini mtetemo unashuka kwa sakafu, kelele anayosikia yeye chini sio ile unasikia wewe. Weka ubao mzito, chini yake zile mati za raba za kuwekea mashine ya kufulia, mbili au tatu. Na usifanye saa nne usiku, najua zamu ni zamu lakini hapo huna haki. Shuka mwenyewe na kitu mkononi muongee, hao watu hawagongi mara ya tatu, wanaandika barua.

BintiNgamiani

Wapendwa narudi na mrejesho, wiki ya nne leo.

Nililala siku sita nzima, siku ya kwanza ya pili nilikuwa naiangalia ile baiskeli kama mwizi. Mapigo yameshuka, leo asubuhi 56. Damu nilipima, chuma kilikuwa chini kweli, nimepewa vidonge. Roli lilikuwa limekwaruzika kidogo tu, nimelipiga msasa, gurudumu la pili nimepata kwa kaka mmoja kazini bure. Feni nimeikuta duka la mitumba la kanisa, kroni 60.

Ratiba yangu sasa jumanne video ya vipande vifupi, ijumaa ile ya dakika 8 mara tatu, jumatano na jumapili taratibu, jumapili nimefika saa moja na dakika 50 kwa tamthilia, zamu zikibana naruka naendelea na maisha. Ile video iliyokuwa inanishinda nimeimaliza na gia moja juu, mapigo hayajafika 160. Taratibu bado naona kama naibia kaka Edmonton ila naiba tu. Mwezi wa nne wakishafagia ule mchanga wanaomwaga barabarani kwa ajili ya barafu ndo natoka nje, wenzangu wanasema kabla ya hapo ni kujitafutia kuteleza.

Jirani nilimpelekea mandazi na ratiba yangu nimemwandikia kwenye karatasi. Ni mama wa miaka 71. Akaniuliza baiskeli ya nini, nikamwambia Motala, akacheka akaniingiza ndani akanionyesha medali za Vätternrundan kwenye kabati, kumi na moja, zile za kuzunguka ziwa zima. Akasema misumari alikuwa anaisikia, alidhani natoboa ukuta. Sasa jumapili anapanda na kiti chake anakaa pembeni ya feni na kahawa, nikizidisha ananiambia lugnt, lugnt, polepole. Ila mandazi kaniambia yamezidi sukari.