Kubeba bastola Minnesota, Texas na New York: naomba ulinganisho, hasa upande wa kujihami

Dereva_Masafa
Wakuu, habari za majukumu. Niko Minneapolis, naendesha lori, na familia inahamia Houston. Hapa nina kibali: nilisoma darasa, nikapiga shabaha, nikapeleka fomu kwa sherifu. Jamaa wa Houston wanasema huko kibali hakitakiwi tena. Mizigo mingine naishusha New York. Nilishawahi kufuatwa usiku kwenye maegesho ya malori, kwa hiyo hili nalichukulia kwa uzito.

BintiPwani_Houston
Karibu Texas, kaka. Ni kweli, tangu 1 Septemba 2021 mwenye miaka 21 na kuendelea, asiyekatazwa kisheria kuwa na silaha, anabeba bastola bila leseni. Mimi leseni nilichukua hivyo hivyo, na nakushauri uchukue. Sheria ya shirikisho inakataza bunduki ndani ya futi 1,000 kutoka shule, na kama bastola imejazwa risasi kiunoni, kinachokuokoa barabarani ni leseni ya jimbo husika. Hapa shule ziko kila upande, ukienda dukani tu umeshapita moja. Halafu soma vibao vya mlangoni. Baa yenye alama ya 51%, yaani zaidi ya nusu ya mapato yake ni pombe inayonywewa hapo hapo, usiingie nayo, hata ukiwa na leseni.

MzeeWaColumbus
Vijana, ruhusa ya kubeba na ruhusa ya kufyatua ni mambo mawili. Minnesota, ukiwa nje ya nyumba yako, sheria inakutaka uondoke kama kuna njia salama. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo ilikwenda mbali zaidi, kwenye kesi ya mtu aliyetoa panga kituo cha treni Minneapolis: hata kuinua silaha kumtishia anayekutisha, utaulizwa kwanza kama ungeweza kuondoka. Kwa maoni yangu uamuzi ule unambana mno mnyonge. Texas hulazimiki kurudi nyuma, mradi una haki ya kuwa pale, hukuchokoza, na hufanyi uhalifu. Ohio kwetu hakuna sharti hilo tangu 2021. Ila kote huko lazima uwe na sababu ya maana ya kuamini maisha yako yako hatarini. Kutukanwa si sababu.

Kijana_wa_Eldoret
Na sisi wanafunzi? Niko Dallas na visa ya F-1, na nina miaka 22.

BintiPwani_Houston
Mdogo wangu, usiguse. Sheria ya shirikisho inawakataza wenye visa za muda kuwa na silaha au risasi, isipokuwa wachache, kama mwenye leseni halali ya uwindaji. Texas kuondoa sharti la leseni hakukubadilisha hilo. Mwenye green card ni habari nyingine.

Lori_la_Mashariki
Dereva mwenzangu, New York sahau. Juni 2022, kwenye kesi ya Bruen, Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sharti la kuthibitisha kwamba una haja ya pekee ya kubeba. Jimbo likajibu na sheria mpya: saa 16 darasani, saa 2 za shabaha, na marufuku sehemu kama Times Square. Vibali vya majimbo mengine hawavitambui kabisa. Ipo sheria ya shirikisho ya 1986 inayomlinda msafiri, ila ni kwa anayepita kutoka jimbo anakoruhusiwa kwenda lingine anakoruhusiwa. Bastola iwe haina risasi, nayo ifungiwe. Lori halina buti, kwa hiyo ni sanduku la kufuli. Kile kikabati cha dashibodi hakihesabiki hata ukikifunga. Wewe unashusha mzigo, hupiti. Na mwajiri wako anasemaje?

Dereva_Masafa
Mwajiri sijamuuliza, nitamuuliza kesho. Safari za mashariki naiacha nyumbani. Dada, hilo darasa la Houston likoje?

BintiPwani_Houston
Saa 4 hadi 6, halafu shabaha risasi 50. Ada ya jimbo ni dola 40, mkufunzi unamlipa mbali. Na polisi akikusimamisha akaomba kitambulisho wakati unayo, mpe na leseni ya silaha papo hapo. Mikono iwe kwenye usukani hadi akuambie.