Mrejesho: tafsiri ya maneno ya kamera, Kihispania kwenda Kiingereza

Wakuu, nilileta swali la jinsi ya kutafsiri maneno ya kamera kwenye guion técnico (mswada unaoeleza filamu shoti kwa shoti) ya filamu fupi ya Kihispania niliyopewa kuitafsiri kwa Kiingereza. Kazi imeisha na mteja ameipokea.

Ushauri ulionifaa kuliko yote ni ule wa kuiona shoti kichwani kabla ya kufungua kamusi. Chukua "plano secuencia" na "plano general". Ya kwanza ni long take, ya pili ni long shot. Kwa Kiingereza zinafanana, ila moja ni ya muda, kamera inaendelea bila kukata. Nyingine ni ya umbali, mtu anaonekana mzima na mazingira yake. Ukizibadilisha, mpiga picha anapanga kitu kingine kabisa. "Contrapicado" nayo ilikaa sawa nilipomfikiria mwenye kamera amechuchumaa, kamera iko chini inamtazama mwigizaji kuelekea juu: low angle.

"Travelling", yaani shoti ambayo kamera yenyewe inasogea, ina sura ya Kiingereza, lakini wenye Kiingereza husema tracking shot au dolly shot. "Objetivo" kwenye orodha ya vifaa ni lenzi tu.

Kwenye "foquista", yule anayerekebisha fokasi ya kamera, ilibidi nimuulize mteja timu yake ni ya wapi. Uingereza ni focus puller. Marekani kwa kawaida huandikwa first AC (msaidizi wa kwanza wa kamera). Akajibu London, nikaenda na focus puller.

Aliyenisisitizia kuuliza hilo mapema, ubarikiwe sana. Kama kuna mwenye orodha nzuri ya maneno ya taa, naiomba, kazi inayofuata ni ya mafundi taa.