Starlet ya tabo: foleni iko poa, ikishika spidi joto linapanda. Nichomelee rejeta kubwa?

Bati la Tabata

Wakuu habari za wikiendi. Nina Starlet EP91, niliinunua na injini yake ya kawaida 4E-FE, mwaka jana nikaibadilisha nikaweka 4E-FTE ile ya Glanza, yenye tabo. Kazi yote tumefanya mimi na mdogo wangu nyuma ya nyumba, majirani wameshazoea kelele za grainda. Sasa ile intakula (kipoza hewa ya tabo) inayokaa juu ya injini nikaona inaoka tu kama andazi, nikatafuta intakula ya mtumba ya pikapu ya dizeli nikaishusha mbele ya rejeta. Ili iingie ilibidi nikate zile plastiki za pembeni ya rejeta na kava la chini ya injini nikalitoa kabisa maana paipu zilikuwa zinagusa. Rejeta ni ile ile ya Starlet ya cc 1300, ya njia moja (safu moja ya mirija).

Shida iko hivi. Foleni ya Buguruni saa zima AC inapuliza geji ya joto la maji inasoma 92, 94, feni inawaka inazima, raha. Nikitoka nje ya mji barabara ya Morogoro, nikipita Mlandizi nikashika 110 naona 98, mara 101, mara 104, nazima AC, narudi 60 inashuka hadi 95. Yaani kinyume na magari ya watu wote! Maji hayapungui, oili haijawa na rangi ya maziwa.

Fundi mmoja kaniambia nilete rejeta ya gari kubwa aikate aipunguze upana aichomelee, laki tatu na nusu. Au atengeneze mpya ya aluminiamu njia mbili. Nimpe hela au kuna kitu sikioni? Nina grainda, drili, na rafiki yangu ana mashine ya kuchomelea ya agoni ila hajawahi kuchomea rejeta.

dereva wa zamani

Toa themostati, ile valvu ya maji, maisha yaendelee. Mimi Corolla yangu ina miaka sita haina themostati na Kitonga napanda na mizigo.

Mama Grainda

Mzee wangu dereva wa zamani shikamoo, ila hapo tutabishana. Ukitoa themostati injini asubuhi inachelewa kupata moto, kontroli boksi inaona bado baridi inaendelea kumwaga petroli, na injini nyingi maji yanapata njia ya mkato hayapiti hata kwenye rejeta sawasawa. Kwenye Corolla isiyo na tabo unaweza usione madhara haraka, kwenye FTE yenye busti (presha ya tabo) unajitafutia.

Mdogo wangu Bati, kabla hujatoa hata mia ya rejeta. Foleni iko poa maana yake feni inafanya kazi na rejeta haijaziba kabisa. Spidi 110 upepo unatakiwa uwe mwingi kuliko wa feni, kwa hiyo ikipanda hapo ni ama maji hayazunguki vizuri injini ikiwa kwenye mizunguko mingi, ama upepo upo lakini haupiti kwenye rejeta. Ama hedi gasketi (ile kati ya hedi na bloku) inapuliza, na hiyo usiiogope kabla ya kuikagua: asubuhi injini baridi iwashe, mpira wa juu ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja maji hata hayajapata moto, basi moto wa silinda unaingia kwenye maji. Usipoona hivyo endelea.

Halafu fanya hiki. Gari imepaki, imeshachemka kiasi feni imewaka mara mbili, mdogo wako akanyage hadi mizunguko 4500 ashikilie, wewe angalia mpira wa CHINI. Usiushike, angalia tu. Rudi hapa utuambie.

Bati la Tabata

Dada yangu Mama Grainda Mungu akuweke. Mpira wa juu asubuhi ni laini kabisa, gasketi nimeitoa kwenye mawazo. Mpira wa chini SASA. Kwenye 3000 upo, 4000 unaanza kuingia katikati, 4500 umelala bapa kama boksi la juisi mtoto akivuta mrija hadi mwisho. Mdogo wangu akiachia mafuta unarudi puu. Nimecheka halafu nikataka kulia.

Huo mpira niliununua wa mita, ule wa hita, kwa sababu ule wa asili haukufika baada ya kusogeza rejeta nyuma kidogo.

Mtu wa Kirinyaga Road

Boss niko Nairobi lakini hii nimeipitia na Subaru yangu. Mpira wa chini ni upande pampu inavuta, kwa hiyo ukiwa mwepesi unanyonywa. Mipira mingi ya kiwandani ina springi ndani ama imeshonwa nyuzi ngumu, wa mita hauna. Hiyo ni moja.

Ya pili ndiyo watu husahau. Mfumo ukiwa moto unatakiwa uwe na presha, na hiyo presha ndiyo inasukuma mpira kutoka ndani usilale. Kama unalala maji yakiwa MOTO, presha haipo. Angalia kifuniko cha rejeta. Toyota za miaka hiyo huwa zimeandikwa 0.9 ama 1.1 juu, hiyo ni presha kinachoshikilia. Ikishikilia 0.9, maji matupu huko kwenu Dar yatachemka karibu 118, ikiwa imekufa yanachemka 100 kama sufuria. Hapa kwetu juu, mita 1,700 hivi, bila kifuniko kizuri yanachemka 95 tu, ndiyo maana mtu akitoka pwani na kifuniko kibovu gari inamshinda akifika huku, halafu analaumu mlima.

Na usiweke kifuniko cha presha kubwa kuliko kilichoandikwa. Rejeta ya zamani yenye tangi la plastiki itapasuka pale kwenye mshono.

Agoni Gerezani

Nimeona nimetajiwa mashine yangu ya riziki nikaingia. Bati, paipu ya chini tengeneza ya aluminiamu, vipande viwili vya mpira mzuri mwanzo na mwisho, katikati paipu. Kipenyo kiwe kile kile cha mdomo wa rejeta, usipunguze. Mkunjo usibane kona kali, kata vipande kama vya chungwa uunganishe ukiweza, au nunua kona iliyokwisha kukunjwa. Miisho lazima iwe na kijitutu cha kuzuia mpira usichomoke, kama huna mashine ya kukunja zungusha tu waya wa kuchomelea mstari mmoja wa duara halafu usugue na msasa hadi uwe laini, ukiuacha una makali unakata mpira.

Sasa kuhusu rafiki yako mwenye agoni asiyewahi. Aluminiamu inataka umeme wa AC (unaogeukageuka), siyo DC ule wa chuma. Waya wa kujazia uwe namba 4043. Wengi mitaani wana 5356 kwa sababu unang'aa na ni mgumu, lakini 5356 haupendi kukaa kwenye joto zaidi ya 65 muda mrefu, na maji yako yako 90. Brashi ya steinlesi iwe ya aluminiamu TU, ikishagusa chuma usiirudishe. Osha na asetoni. Na nasema hili kwa herufi kubwa maana nimewahi kulikuta karakana ya jirani: MSISAFISHE NA DAWA YA KUSAFISHIA BREKI halafu mkachomelea. Zile zenye klorini zikipata mwanga wa agoni zinatoa hewa ya sumu inayoua mapafu, siyo utani.

Kwenye rejeta yenyewe msijaribu. Aluminiamu iliyokunywa kulanti (maji ya rejeta yenye dawa) miaka 20 inatoa vitundu vitundu kama mkate, hata mimi huwa nakataa.

Kujaribu kama inavuja: ziba upande mmoja, upande mwingine weka kizibo chenye valvu ya tairi ya tyublesi, zamisha kwenye pipa la maji, piga pampu ya baiskeli hadi 1.5 baa. Ukiona mapovu weka alama na maka. Usisogeze uso hapo.

Mama Grainda

Sawa, maji tumemaliza. Ila Bati usifurahi bado. Ulisema umekata plastiki za pembeni na umetoa kava la chini. Hapo ndipo nilitaka kufika toka mwanzo.

Upepo ni kama maji ya mvua, unafuata njia rahisi. Mbele una intakula nene, nyuma yake rejeta, pembeni una matundu makubwa wazi. Upepo utahangaika nini kupenya mapezi mawili wakati pembeni kuna mlango? Na kava la chini, watu wanadhani ni la matope tu. Ukilitoa, upepo wa chini ya gari unapanda kwenye chumba cha injini, presha nyuma ya rejeta inakuwa kubwa, upepo wa mbele hauna pa kwenda. Foleni hulioni hilo kwa sababu feni inavuta mwenyewe.

Chukua kadibodi la boksi la TV, siyo la biskuti, laini sana. Toa bampa. Kata kipande kutoka kwenye uwazi wa bampa hadi ukingo wa rejeta, kushoto, kulia, juu, chini, lengo likiwa upepo ukiingia kwenye mdomo wa bampa usione mlango mwingine isipokuwa mapezi. Paka mkaa kwenye ukingo wa rejeta ubandike kadibodi upate alama, usipime kwa tepu utapotea, hakuna kitu kilichonyooka pale mbele. Kadibodi likikaa vizuri ndiyo uhamishie kwenye bati la aluminiamu la milimita moja. Kunja ukingo sentimita moja ili lisipige kelele. Riveti. Sehemu inayogusana na rejeta bandika raba ya mlango wa gari, USIWEKE sponji ya godoro, inanyonya maji na baada ya mwezi ni uchafu mtupu.

Kati ya intakula na rejeta pia ziba pembeni, la sivyo upepo unapita intakula halafu unatorokea hapo katikati.

dereva wa zamani

Binti mbona mnafanya mambo magumu. Vijana wa siku hizi wanainua boneti kwa nyuma kwa kuweka washa tatu kwenye bolti, moto unatoka, nimeona kwa macho yangu.

Mama Grainda

Umeona kwenye foleni mzee wangu, na kwenye foleni ni kweli moto unatoka. Kwenye spidi pale chini ya kioo cha mbele ndiko presha ya upepo iko kubwa, kwa hiyo unaingia badala ya kutoka. Kwa shida ya Bati ambayo ni ya spidi, angeongeza shida.

dereva wa zamani

Haya nimekubali ya boneti. Ya themostati bado.

Mtu wa Kirinyaga Road

Feni pia angalia inapuliza upande gani. Weka karatasi mbele ya rejeta feni ikiwaka, inatakiwa ivutwe ishikamane na mapezi. Kuna jamaa aligeuza waya, feni ikazunguka kinyume, foleni ikawa inasaidia kidogo tu na spidi ikawa inapigana na upepo. Alibadilisha rejeta mbili kabla hajagundua.

Bati la Tabata

Wakuu nimerudi baada ya wiki mbili na nusu, samahani kwa ukimya, kazi za watu.

Kifuniko: raba yake ya ndani ilikuwa imepasuka nusu duara, ukikiangalia juu ni kizima kabisa. Nimeweka kipya 0.9. Karatasi ilishikamana vizuri, feni iko sawa. Paipu ya chini tumechomelea na 4043, jaribio la kwanza tulipata mapovu sehemu mbili, rafiki yangu akasema ni mashine, nikamwambia ni mkono, tukarudia. Mpira hauendi popote hata 5000 sasa. Nikaenda Mlandizi: 99. Nikasema sawa kumbe Mama Grainda alijua.

Bati limechukua Jumamosi mbili nzima. Kadibodi la kwanza nilipima kwa tepu (ndiyo, ulinikataza) likawa fupi upande wa kulia vidole vitatu. La pili nilipaka mkaa. Chini nimetengeneza kava jipya la bati lenye kifuniko kidogo cha kufungua ili nimwage oili bila kulitoa lote, hilo najisifu mwenyewe. Jana barabara ile ile, AC imewaka, 110: 93. Nikabusti kidogo kupanda kilima: 95, ikarudi. Nimeangalia geji kuliko barabara, mke wangu kanigombeza.

Jumla nimetumia kama elfu themanini na soda za rafiki. Laki tatu na nusu iko mfukoni, au ilikuwepo, nimeshanunua tairi mbili.

Imebaki kitu kimoja. Kwenye 80 hivi bati la kushoto linalia ngrrr kama nyuki kwenye debe. Riveti zote zimekaza. Nimelipiga kofi limenyamaza siku moja.

Agoni Gerezani

Limenyooka sana, halina mgongo. Lipige mstari mmoja wa kona katikati, lilaze kwenye ukingo wa meza uligonge na nyundo ya mbao, au rivetia kipande chembamba nyuma yake kama mbavu. Tuma picha ya hiyo paipu nione kazi ya rafiki yako.

Bati la Tabata

Jioni nikitoka kazini. Msimcheke.