Tupeane uzoefu: uligongwa ukaumia, fidia uliipataje?

MAMA KIMARA
Habari za jioni ndugu zangu. Naomba tukusanye hapa yaliyotukuta sisi tulioumia. Gari likipondeka kila mtu anajua aanzie wapi. Mguu ukivunjika, ndugu wanachanga na habari inaishia hapo.

Mimi niligongwa na gari dogo Juni 2021, navuka kwenye zebra. Muundi wa kulia ulivunjika mifupa yote miwili, nikawekewa chuma. Dereva hakukimbia, Mungu ambariki kwa hilo. Alinifikisha hospitali, na kaka yangu akapitia kituo cha polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi.

Wiki ya tatu dereva akaja nyumbani na kijana aliyejitambulisha kuwa wakala. Wakakaa sebuleni na mume wangu, wakaweka mezani shilingi 800,000 na karatasi moja. Kijana akasema, "Mama, hii ni ya haraka, mambo ya mahakama yatakuzeesha." Hospitali tulikuwa tunadaiwa, shule zinafunguliwa. Mume wangu alishashika kalamu.

Aliyetuokoa ni shemeji yangu, karani wa mahakama ya mwanzo. Aliisoma ile karatasi kwa sauti. Iliandikwa kwamba nimepokea malipo yote na ya mwisho, na sitamdai mwenye gari wala kampuni yake ya bima jambo lolote kuhusu ajali ile. Shemeji akauliza, "Na hicho chuma mguuni, siku ya kukitoa atalipa nani?" Hakuna aliyejibu. Hatukusaini.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Faini aliyotozwa dereva kwenye kesi ya trafiki iliingia serikalini, mimi sikuambulia hata mia. Fidia ni dai jingine na mwenye kulianzisha ni mimi. Ile bima ndogo, ambayo wengi wanaikata ili trafiki asiwasumbue, ndiyo iliyonihusu. Gari la aliyeikata haitengenezi, ila inamlipa mtu wa nje aliyeumia, au familia yake akifa.

Nikasubiri mfupa uunge. Daktari akaandika ripoti na asilimia ya ulemavu wa kudumu, maana kifundo hakikunji tena kama zamani. Tukaambatanisha PF3, ripoti ya polisi, ramani ya ajali, hukumu ya kesi ya trafiki na risiti. Ilichukua miezi 14, nikalipwa milioni sita na nusu. Chuma kilitolewa kwa hela hiyo hiyo. Kinachoniuma mpaka leo ni bajaji za kliniki. Nilipanda zaidi ya mara 20 na sikuwa na karatasi hata moja. Hazikuhesabiwa.

Karibuni, semeni na nyinyi.

FUNDI WA MBAO
Pole sana mama. Yangu iliishia pabaya.

Mwaka 2018 nilikuwa abiria wa bodaboda, tukaanguka, bega likateguka na mkono ukavunjika. Pikipiki haikuwa na bima, stika ilishakwisha miezi mingi. Mwenye pikipiki akaomba tuyamalize kwa mwenyekiti wa mtaa, tukaandikishana anilipe kwa awamu nne. Akalipa mbili. Kila nikimpigia ananiambia mwezi ujao, na mimi namwonea huruma, ana watoto kama mimi. Nilipofika kwa wakili mwaka 2022, akatazama tarehe ya ajali akavua miwani. Dai la namna hii mwisho ni miaka 3, yangu ilishapita. Kilichobaki ni kumdai kwa yale maandishi ya mwenyekiti, na mwenyewe kashahama mji. Randa siishiki tena kwa mkono huo. Nafundisha vijana.

Siku hizi kabla sijapanda naingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, kwa simu, naona kama bima ipo hai. Madereva wananiona msumbufu. Nawaelewa.

UTINGO MSTAAFU
Mimi nilikuwa kazini, lori lilipinduka. Bosi alilipa hospitali akaona yameisha. Binti yangu ndiye aliyeniambia kuna WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Taarifa inatakiwa ifike ndani ya miezi 12, mimi ilifika wa tisa. Hawakunihoji nani alikosea barabarani. Walitaka kujua kama niliumia nikiwa kazini, basi. Muda wote niliokuwa kitandani nikalipwa asilimia 70 ya mshahara.

MVITA
Hapa Mombasa shida yetu ni nyingine. Nduguyangu aliumia kwenye matatu, na kabla hajatoka wodini alishatembelewa na watu watatu, kila mmoja na fomu ya wakili wake. Akatia sahihi ya wa kwanza. Kesi ikaenda vizuri, bima ikalipa, na hundi ikapitia kwa wakili. Tulikuja kujua miezi mingi baadaye, tena kwa kuuliza wenyewe kwenye kampuni. Ukishika wakili, mwambie kwa maandishi kwamba siku hela ikiingia akupe hesabu yote: bima imetoa ngapi, ada yake ngapi, yako ngapi. Na mjue kwa huku Kenya bima ya lazima ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Mahakama ikikupa zaidi, kinachozidi unamdai mwenye gari.

DAWATI LA MADAI
Nafanya kazi kwenye bima, upande wa madai, kwa hiyo naongea ninachokiona kila siku. Faili nyingi zinakwama kwa jina. PF3 inasema Mwajuma, kitambulisho kinasema Mwajabu, na aliyeandika alikuwa polisi wa zamu ya usiku. Lisomeni jina siku ile ile, likosewe lirekebishwe pale pale. Kwa usafiri wa bajaji, nunueni daftari: tarehe, kutoka wapi kwenda wapi, kiasi, namba ya simu na saini ya dereva. Haina nguvu ya risiti, lakini ni bora kuliko mikono mitupu. Ukizungushwa bila majibu, andika malalamiko TIRA, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

NEEMA77
Jamani, mwanangu aligongwa Jumatatu akitoka shule, yuko wodini. Leo mchana wameleta karatasi na 300,000, wanarudi kesho saa nne asubuhi. Baba yake anasema tuchukue, dawa za kesho hatuna.

MAMA KIMARA
Neema mdogo wangu, pole mno. Msisaini kesho. Waambie gharama za dawa wazilipe hospitalini moja kwa moja, risiti iandikwe jina la mtoto, na hiyo karatasi ya kufunga dai isubiri daktari amalize kazi yake. Piga picha ile karatasi, ziba majina, itume hapa usiku huu. Namwamsha shemeji aisome.