MREJESHO: Kile kibao cha shaba cha kanisa lililobomolewa

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza namna ya kusafisha kibao cha kumbukumbu cha shaba ya manjano, tulichokiokoa lilipobomolewa kanisa la Kiprotestanti la enzi za ukoloni. Wengi mlinijibu ndimu na chumvi. Bahati nzuri sikukurupuka, ingawa ndimu nilishaikata. Asidi huweza kunyofoa zinki iliyomo kwenye shaba hiyo na kuacha madoa mekundu. Amonia nayo, ambayo imo kwenye baadhi ya dawa za kung'arishia, huweza kuitia nyufa.

Nimetumia maji yaliyokenekwa (yale safi yatokanayo na mvuke uliopozwa), sabuni laini matone machache na brashi laini. Basi. Kikakauka, nikakipaka nta nyembamba.

Ule weusi ndani ya herufi, niliokuwa nauita uchafu? Ni nta iliyojazwa makusudi ili maandishi yasomeke! Ningeuchokonoa kwa sindano kama nilivyopanga, ningejuta.

Mstari wa chini uliofutika tumeusoma usiku, tochi ikiwa imelazwa ubavuni mwa kibao: "Soli Deo Gloria", yaani utukufu kwa Mungu pekee. Wazee sasa wanabishania ukuta wa kukitundika.