Kile kihema kwenye harusi za Kiyahudi ni pambo tu au kina kazi?

mdadisi_wa_mambo: Wakuu habari za jioni, nimeangalia video ya harusi ya Kiyahudi nimebaki na maswali. Maharusi wamesimama chini ya kitambaa kimefungwa kwenye fimbo nne, pembeni kote wazi, upepo ukipiga kinapepea, na wako nje usiku wakati ukumbi upo hapo nyuma umewashwa taa. Nyingine nimeiona imejaa maua mpaka kitambaa hakionekani. Ni urembo au bila hicho ndoa haijafungwa? Na kwa nini nje?

kitabu_wazi: Sio urembo mkuu, inaitwa hupa. Ndoa yao ina hatua mbili, kwanza pete, bibi harusi anavishwa kidole cha shahada mkono wa kulia mbele ya mashahidi wawili, ya pili ndo hupa yenyewe na zile baraka saba. Enzi za Talmudi, kile kitabu kikuu cha mafundisho ya marabi, kati ya hizo mbili ulikuwa unaweza kupita hata mwaka, binti bado anakaa kwao ila tayari ni mke wa mtu na mkitaka kuachana lazima talaka. Baadaye karne za kati zikaunganishwa siku moja, ndo maana pale katikati unasikia wanasoma ketuba, mkataba wa ndoa, ili hatua zisichanganyike. Hupa inasimama badala ya nyumba ya bwana harusi, kwa hiyo yeye anatangulia chini yake halafu bibi harusi anaingia kama anaingia kwake.

Nyota5: Hilo la nje ni la Waashkenazi, Wayahudi wa Ulaya. Abrahamu aliahidiwa uzao kama nyota, basi wanafungia chini ya nyota, Rabi Moses Isserles wa Kraków karne ya 16 kashaliandika. Wengine wakifungia ndani wanatafuta ukumbi wenye paa la kufunguka, hahaha. Wasefardi, wale wenye asili ya Hispania na Ureno, wengi hawana shida, sinagogi au ukumbini fresh tu. Pembeni kuwa wazi wanasema ni mfano wa hema la Abrahamu, mgeni anaingia popote atokako.

mzee_wa_hoja: Naongezea, msidhani hizo fimbo nne zipo tangu Musa. Ukisoma Yoeli 2:16 pale ni chumba cha bibi harusi, hii ya kubebeka imekuja kushika Ulaya karne nyingi baadaye. Tena marabi wenyewe walibishana hupa hasa ni kipi, wengine wakasema ni kumfunika bibi harusi shela, wengine wawili kukaa faragha, ndo maana kwa Waashkenazi wakishavunja glasi mwisho wa sherehe wanaingizwa chumbani peke yao na mashahidi wanalinda mlango. Wanafanya vyote, yamekwisha.

mdadisi_wa_mambo: Aisee asanteni. Kwa hiyo hayo maua sasa?

kitabu_wazi: Maua hayaharibu kitu, ila mimi yananichosha, yanaficha kitambaa ambacho ndo chenye stori. Wengi wanatumia taliti, ile shali ya kusalia yenye vishada kwenye pembe, ikiwa ya babu ndo raha zaidi, wengine mahameli iliyodariziwa. Wasefardi baadhi hawasimamishi hata fimbo, wanawatandazia maharusi taliti moja kichwani basi. Talmudi inataja hata desturi ya zamani ya kupanda mwerezi akizaliwa mvulana na mberoshi akizaliwa msichana, wakija kuoana inakatwa kutengeneza hupa. Siku hizi fremu ya kukodi inasimama yenyewe, ila kuna wanaopenda marafiki wanne washike fimbo, na rabi akiwa na maneno mengi hapo utaona mikono inavyoanza kutetemeka.

Nyota5: Hao wa kushika fimbo chagua warefu sawa, vinginevyo kitambaa kinalala kichwani kwa bwana harusi 😂