MREJESHO: Programu ya kurekodi saa za mafundi

Wakuu, niliuliza nitumie programu gani ya simu kurekodi saa za mafundi wangu 8 wa karakana ya samani, maana daftari lilitugombanisha kila Jumamosi ya malipo.

Toggl Track niliiacha mapema, mpango wake wa bure unaishia watu 5. Nimechukua Jibble. Simu moja iko mlangoni, fundi anaingia kwa kutambuliwa uso, kwa hiyo hata wenye simu za batani wamo. Hilo limenifurahisha kuliko yote.

Kazi ilikuwa kwenye kusoma saa. Daftarini tuliandika "saa 1 asubuhi", simu inasema 07:00. Mzee mmoja aliona 16:30 akadhani kapunjwa. Nikabandika ukutani karatasi yenye saa za aina zote mbili, tukaipitia pamoja siku tatu.

Halafu likaonekana kosa langu. Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Wawili walikuwa wanavuka, sikujua. Nimeshawalipa tofauti yao.

Asanteni sana, hasa aliyenishauri nijaribu wiki mbili kwanza.